Siku Taya Lilipofunga Msibani

Mimi sikusoma. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa nyasi kichwani. Lakini Mungu alinipa masikio, akanipa na mdomo. Mtu akiongea mbele yangu mara moja namchukua mzimamzima: sauti yake, kikohozi chake, na anavyovuta suruali akitaka kusema uongo. Katekista nimemwiga. Mwenyekiti wa kitongoji nimemwiga mpaka akawa anapita nyuma ya migomba asinione. Mwanangu mwenye duka Miembeni namwiga anavyoongea na simu, kifua mbele kama jogoo: "Haloo! Yes! Niko mitingi!" Yupo chooni huyo.

Kwa hiyo alipofariki mzee jirani yetu, mnunuzi wa kahawa, huku kwetu nje kidogo ya Nshamba, ukoo wake ulijua wa kumwita. Mdogo wake marehemu alikuja mwenyewe, kofia mkononi. "Waitu, ndugu yetu, kesho uje. Tusimzike kimyakimya kama mbuzi."

Wale ni watani wetu. Ukoo wao na wetu tumetaniana tangu mababu, na mtani msibani ana kazi yake. Wakati wanaume wanachimba kaburi, wewe unavaa nguo za marehemu, unatoka mbele ya watu, unakuwa yeye. Unamtukana, unamcheka, unasema amekufa makusudi kukwepa kupalilia. Hakuna anayekasirika. Watu wanalia, unawachekesha, wanalia tena vizuri zaidi. Asiyekuwa na mtani msibani kwake anahurumiwa.

Nikakubali. Wala sikusema kwamba tangu jana yake taya lilikuwa zito. Nilidhani ni baridi, nimelalia vibaya. Asubuhi ya mazishi nilishindwa kutafuna ndizi ya kuchemsha, ile laini ya kupewa watoto, nikamwachia kuku. Shingo nayo ilikuwa imekaza kama imefungiwa mti. Nikajipaka mafuta nikaenda.

Na kuna kitu kingine nawaambieni mapema, msije mkasumbuka kama tulivyosumbuka sisi. Wiki kadhaa nyuma nilikuwa nabomoa banda la mbuzi lililooza, nikakanyaga msumari. Ulipenya kandambili ukaingia unyayoni. Nikauchomoa, nikakamulia utomvu wa mgomba, nikaendelea kubeba samadi ya mbuzi kuipeleka kwenye mashina ya migomba, miguu mitupu, ndani ya samadi hiyohiyo. Kidonda kikajifunga chenyewe. Mimi nikakisahau. Mwili haukukisahau.

Msibani alikuwepo wifi yangu pia, dada wa mume wangu, ametoka Kanazi. Yule sasa! Sauti yake inatokea puani na inavutwa kama kamasi la mtoto: "Wiiifi, chumvi umeiwekaaa?" Miaka yote namwiga, miaka yote ananichukia kwa hilo, na miaka yote tunapikiana. Siku hiyo alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine, wanamenya ndizi.

Nikaingia chumbani kwa marehemu, nikavaa koti lake, kofia yake na buti zake za mvua, nikatoka nimeshika kopo lake la kuchotea kahawa. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa. Nimeanza tu kutembea, mabega mbele, tumbo nyuma, watu wakaanza kuguna kwa kicheko.

Sasa yule mzee alikuwa na tabasamu lake. Akitaka kukupunja kwenye mzani alikuwa anabana meno, anainua nyusi, anakenua, na sauti anaipitishia hukohuko kwenye meno. Nami nikabana meno, nikainua nyusi, nikakenua.

"Mmh-mmh-mmh. Mama, kahawa yako ina maji. Uliililia?"

Uwanja ukapasuka. Mjane mwenyewe, aliyekuwa amelala kwenye nyasi tangu asubuhi, akainuka akashika mbavu. "Ndiye! Mawe, mama yangu, ndiye kabisa!"

Nikataka kusema neno la pili. Mdomo haukufunguka.

Nikasukuma meno kwa ulimi, kama unavyosukuma mlango ulioegemewa na gunia. Wapi! Nikataka kushusha nyusi. Hazikushuka. Nikataka kufuta lile tabasamu. Likazidi kuvutwa kuelekea masikioni, kama kuna mtu nyuma yangu ameshika mashavu yangu anayavuta kwa vidole. Na watu wanazidi kucheka! Kadiri nilivyohangaika kuliondoa ndivyo walivyozidi kupiga magoti yao. Nilikuwa sijawahi kumwiga mtu vizuri hivyo.

Halafu kitu kikanishika kisogoni. Kilinishika kama mkono wa mwanamume mlevi, kikavuta kichwa nyuma, kikashuka mgongoni kikibana kila nyama kiliyoikuta. Nikaanguka chali. Lakini mgongo haukugusa nyasi. Kisogo chini, visigino chini, katikati nimenyanyuka, mbuzi angepita chini yangu. Pumzi haikuingia wala haikutoka. Kifua kilikuwa kimekazwa kama mzigo wa kuni.

Wao wakapiga makofi. "Anakata roho kama alivyokata yeye!" Bibi mmoja alisema amejikojolea, nilimsikia.

Na hapo ndipo pabaya. Akili ilikuwa nzima. Ugonjwa mwingine unakuchukua na akili, unalala, unaamka unasimuliwa. Huu ulinifungia ndani nikiwa macho, kama mtu aliyefungiwa stoo nyumba ikiungua. Nikawa naona meno yao, nasikia vicheko vyao, na kila kicheko kilikuwa kinanipiga mgongoni kama mpini wa jembe. Wakicheka, nakaza. Nikikaza, wanacheka. Nikajua kabisa: hawa watu wataniua kwa kufurahi.

Nilikuwa nimeung'ata ulimi. Damu ilipotoka kati ya meno ikashuka kidevuni, kicheko kikakatika, cha mbele kwanza, cha nyuma mwisho. Mjane ndiye aliyepiga yowe. Yowe lile! Likaniinua tena kama nimemwagiwa maji ya moto.

Mdogo wake marehemu akaja akaniinamia. Ananuka lubisi, pombe yetu ya ndizi. Yule anaongea kama anatangaza mnada: "Kaka amemshika! Kaka amekataa kuchezewa! Mnaona? Huo si uso wake, huo ni uso wa kaka!"

Na kweli, mtu yeyote angeona hivyo. Tabasamu la marehemu lilikuwa usoni kwangu na haliondoki.

Mwanangu akaja mbio, viatu vyake vya kuchongoka vinateleza kwenye nyasi. "Presha hii! Mama ana presha! Mpeni hewa!" Hewa aliyonipa ni makofi. Akanipiga la kushoto, akanipiga la kulia, "Mama! Mama! Unanisikia?" Nakusikia, mbwa wee, nakusikia sana, acha kunipiga. Ndivyo nilivyokuwa nasema kichwani. Nje ilitoka "Nnnng" tu. Na kila kofi lilinikunja upya, mpaka nikasikia kitu kati ya mabega kinasema kwa! kama tawi la mbuni linavyovunjika.

"Mnyoosheni!" akaamuru mdogo wa marehemu. Wanaume wanne waliacha kaburi wakaja na udongo mikononi. Mmoja akakalia mapaja yangu, mwingine akakandamiza tumbo kwa magoti, wawili wakabana mabega. Walitaka kunilaza sawa kwa nguvu, kama unavyonyoosha bati lililokunjwa. Wale ni vijana wa kubeba magunia ya kahawa. Mwili wangu ukawarusha! Mimi, mifupa na ngozi, nikamrusha yule wa magotini akaangukia kwenye sufuria la maji. Basi wakaamini zaidi. "Nguvu hizo si za bibi kizee!"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unanisikia kidogo. Nikaunyoosha kwenye mguu. Nilikuwa nimekumbuka, unyayo ulikuwa unawaka ndani ya buti, nikakumbuka msumari. Nikaonyesha mguu, nikaonyesha mguu.

"Buti! Kaka anadai buti zake!"

Wakazivuta. Buti za mvua zikibana unajua zinavyovuliwa, mtu anakukanyaga huku anavuta kule. Wakazivua pamoja na ngozi ya kisigino, wakakimbia nazo wakazitupa kaburini. Koti wakalichana kulitoa. Kofia nayo ikaenda. Nikabaki na gauni, nimekunjamana, natabasamu.

"Sasa mfungueni mdomo anywe lubisi, kaka apoe."

Wakaleta mwiko, ule wa kusongea ugali, mpini mnene. Hakuna pengo la kuuingiza. Wakaleta kijiko cha bati, wakapenyeza mpini wake kati ya meno ya mbele, wakapindua. Taya halikusogea hata unywele. Meno ndiyo yaliyosogea. Nikayasikia mawili yakikatika, ka, ka, vipande vikaingia kooni, sina namna ya kuvitema. Lubisi wakaimimina hapohapo kwenye tundu lililobaki. Ikapitia puani. Nikawa nazama, nyie, nazama kwenye pombe juu ya kilima, na ziwa lilikuwa mbali kabisa.

Katekista naye hakukubali kupitwa na kazi. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye sikio langu. Mnajua sauti yake, ile ya kuitikisha watu kanisani bila kipaza: "TOKAAA! Kwa jina la BABAAA! TOKAAA!" Kila "tokaa" ilinipasua. Alikuwa anaomba kwa moyo wote, machozi yanamtoka, na alikuwa ananiua kuliko wote. Nyuma yake mtu akaleta ngoma. Wakaanza kumpigia marehemu ili aniachie, du-du, du-du, na mwili wangu ukaanza kucheza ngoma ile bila mimi. Du, nakunjika. Du, nakunjika. Nikaona mbingu inakuwa ya bluu, halafu zambarau, halafu nyeusi pembeni. Nikasema, Mukama, Mungu wangu, nakufa, na nakufa nikikenua, watanizika na uso wa mtu mwingine.

Ngoma ikasema pwaa! ikanyamaza.

Wifi alikuwa amesimama juu ya mpigaji, kisu cha kumenyea ndizi kimezama kwenye ngozi ya ngoma mpaka kwenye mpini. Akakichomoa akaipasua ile ngozi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. Hakupiga kelele. Alinong'ona kwa ile sauti yake ya puani, na uwanja mzima ukamsikia:

"Atakayefungua mdomo nampasuaaa."

Katekista akafungua. "Dada yangu, tulikuwa kwenye maombi..."

Akamgeuzia kisu. Katekista akafunga.

Wifi akachuchumaa. Hakunigusa. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, na mimi nikamwangalia kwa yale macho yangu yaliyonitoka.

"Mwanangu wa kwanza alikufa na uso huu," akasema. "Kitovu alikatwa kwa kisu kama hikihiki. Siku chache tu, akaacha kunyonya. Akawa anatabasamu. Tukafurahi, tukaita na majirani, njooni muone mtoto anacheka bado mdogo hivi! Kila waliposhangilia akajikunja. Wauguzi walikuja kuniambia baadaye, nimeshazika. Huyu hajashikwa na mtu. Huyu ana kidonda. Kiko wapi?"

Miaka yote ile nimekula naye, nimelala naye chumba kimoja kwenye misiba, sijawahi kumsikia akimtaja mtoto huyo.

Nikanyoosha kidole kwenye mguu.

Akageuza unyayo wangu polepole kama anageuza yai. Palikuwa na alama ndogo, kavu, ukubwa wa punje ya mtama. Akaikandamiza kwa kidole gumba. Ikatoa usaha mweusi. Mimi nikajikunja nikagonga kichwa chini, naye akasema, kwa kunong'ona, "Samahani wifi, samahani, samahani."

Halafu akamwambia mwanangu, "Leta gari."

Mwanangu, yule jogoo wa simu, alikuwa amesimama na viganja vyekundu kwa makofi aliyonipiga. Akageuka kwenda. Mdogo wa marehemu akasimama kwenye njia ya kutokea, kati ya migomba, na panga la kukatia majani ya kufunikia vyakula. Sasa hakuwa anatangaza mnada. Alikuwa anaogopa, nilimwona.

"Haondoki," akasema. "Kaka hajazikwa. Mtani akitoka hapa na hasira ya marehemu, anaifikisha kwake na anatuachia na sisi. Tumwombe kwanza radhi, tuchinje, halafu aende. Ni wenu na ni wetu. Waitu, msituue."

"Ukimchinjia atakuwa ameshakufa," wifi akasema.

"Basi atakufa kwa utaratibu."

Hilo neno nalikumbuka. Atakufa kwa utaratibu! Wengine wakaanza kusogea upande wake, wale wale vijana wa kaburi. Mwanangu akasimama, hajui aende wapi, ana heshima zake kwa ukoo. Nikaona anaangalia panga, anaangalia wazee, anaangalia mimi. Nikafumba macho nisimwone akichagua.

Nilisikia tu. Nilisikia nyayo za wifi kwenye majani makavu. Nilisikia panga likigonga kisu. Mtu akaguna, ndizi zikaanguka na mkungu wake. Nilipofumbua, mdogo wa marehemu alikuwa amekaa chini ameshika mkono, damu inapita kati ya vidole, na wifi ana mchaniko kwenye paji la uso, damu imemziba jicho moja. Mwanangu yuko katikati yao, panga liko mkononi mwake yeye.

"Nendeni," alisema yule mdogo wa marehemu. Alikuwa analia. "Nendeni, mtaona wenyewe."

Wakanifunga kwenye mkeka kama ndizi za kuvundika. Gari lilikuwa la kubebea wafiwa, la siti nyingi, wakanilaza kwenye sakafu. Wifi akavua kitenge chake akanifunika macho na masikio, akalala sakafuni pembeni yangu, ananibana nisitikisike. Damu yake ikawa inanidondokea shingoni. Kutoka Nshamba mpaka mjini ni lami, watu wanaisifia. Waambieni waipite wakiwa na ugonjwa ule, watahesabu matuta. Kila tuta, mgongo unapinda, pumzi inakata. Dereva alipopiga honi kumtoa ng'ombe njiani, nilipotea kabisa. Nilirudi nikamsikia wifi anamwambia kwa utulivu mkubwa, "Ukiibonyeza hiyo tena, mimi na wewe tunaingia bondeniii." Hakuibonyeza. Alimngoja ng'ombe apite.

Hospitali mjini walinipokea na kelele zao, machela yanagongana, wanauliza kadi, mara taa ikawashwa usoni. Nikajikunja mbele yao wote. Daktari mmoja, kijana wa Pwani, akaiona shingo ile, akauona uso, akanyoosha mkono akazima taa yeye mwenyewe. Kuanzia pale hakuna mtu aliyeongea kwa sauti. Yule alininong'oneza kama anasema siri ya harusi: "Shikamoo bibi. Una pepopunda, tetenasi. Najua unanisikia. Tutakuchoma sindano, kisha tutakuacha gizani. Usipigane nayo, bibi yangu, utajivunja."

Usipigane nayo. Mwambie aliyekabwa shingo asipigane.

Wakaning'iniza shuka zito dirishani. Wakanipasua unyayo, wakakata nyama iliyooza mpaka nyekundu, nikiwa nasikia mkasi lakini maumivu yako mbali, kwa dawa. Mpira wakaupitisha puani ukafika tumboni, chakula kikapitia hapo. Siku zikawa hazina mchana. Nikawa nalala kama nimefukiwa, namsubiri yule mkunjaji wa kisogoni. Maana alikuwa anakuja tu. Kijiko kikianguka kule jikoni, anakuja. Mtu akipiga chafya kwenye korido, anakuja. Inzi alitua kwenye mdomo wangu, akaja. Alinikunja mara nyingine mpaka nikasikia mbavu zinauliza zitokee upande gani. Jasho linalowesha godoro. Na mimi, mwanamke niliyeishi kwa kelele, niliyeamsha kijiji kwa kuiga kuku, nikawa naomba kitu kimoja tu: nyie watu wote duniani, nyamazeni.

Wifi ndiye aliyenyamazisha. Alikaa mlangoni, mshono kwenye paji la uso, kandambili mkononi. Mwanangu alikuja na simu ikaita. Wifi akaichukua akaizamisha kwenye ndoo ya maji. Katekista alikuja kuomba msamaha, akaanza tu "Tumsifu Yesu..." akala kandambili ya mdomo, akaenda kuomba msamaha wake chini ya mti huko nje. Mfagizi alivua viatu. Daktari mwenyewe alikuwa anavua viatu.

Siku moja upepo wa ziwani ulipiga mlango wa wodi ya jirani, ba! Hiyo ndiyo iliyotaka kunimaliza. Kifua kilifunga na hakikufungua. Nilimwona wifi juu yangu, anaita bila sauti, mdomo unaenda tu, wauguzi wanakimbia na soksi, mtu ananiziba uso na mpira wa hewa, anakandamiza, anakandamiza. Nikawaza, bojo, jamani, hata sasa hapigi kelele. Ananiangalia nakufa na bado anachunga asinishtue. Sikumbuki kilichofuata. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta, anatafuna upindo wa kitenge chake.

Ilichukua muda mrefu, na haikuondoka kama mgeni anayeaga. Ilikuwa inalegeza kidogo, inarudi, inalegeza. Mgongo kwanza, halafu shingo. Taya mwisho kabisa. Siku taya lilipoachia, kidole kimoja kilipita kati ya meno, na nikasikia hewa baridi kwenye yale mapengo mawili. Wakautoa mpira. Muuguzi akaleta uji mwembamba, nusu ukapita kidevuni. Sikujali. Nilikuwa nameza mwenyewe.

Shuka la dirishani likatolewa. Daktari akasema kwa sauti ya kawaida, nikashtuka kugundua ana sauti nene, "Bibi, utaongea taratibu, usilazimishe." Na akaongeza kwamba ugonjwa huu hata ukishauugua haukulindi, lazima nichanjwe kama mtoto. Wifi akavuta mkono wa gauni lake na yeye: "Na mimiii." Nikamwona anafumba macho sindano ilipoingia, yeye aliyepigana na panga.

Walipoondoka tukabaki wawili. Akaanza kukunja nguo zangu, tunahamia Miembeni kwa mwanangu mpaka nipate nguvu. Hakuwa ananiangalia. Amekonda, macho yameingia ndani, mshono umefanya kovu baya. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Asante, na pole ya mtoto, na mengine. Lakini mimi nina mdomo wa aina yangu, na ulikuwa umefungwa muda mrefu.

Nikamwita, "Wifi."

Akageuka. Nikabana meno. Nikainua nyusi. Nikakenua mpaka masikioni, shingo nikaipeleka nyuma.

Nguo zilimdondoka. Uso wake ukawa wa majivu, mikono ikaenda kinywani, na nikaona mara moja nilichofanya, nikajua anamwona nani hapo kitandani, na si mimi. Nikaachia uso. "Wifi, nakutania, nakutania tu..."

Akanipiga kofi. Hakunipiga la utani. Alilitoa chini kabisa, kwenye nyonga, likatua shavuni ba! chumba kizima kikaitika, mgonjwa wa chumba cha pili akauliza nini hicho.

Sote wawili tukaganda. Yeye mkono bado uko hewani, macho yamemtoka, anaangalia shingo yangu. Mimi nimeshika vyuma vya kitanda, nasubiri. Nikasikiliza kisogoni. Nikasikiliza mgongoni, kifundo kwa kifundo. Hakuna aliyekuja. Shavu lilikuwa linauma tu, maumivu ya shavu, hayaendi popote.

"Nipige tena," nikamwambia.

Akanipiga tena.